Mwenyekiti wa Majina Thelathini na Moja

Aya hii ya kwanza nimeiandika mara kumi na moja. Hii ni ya kumi na mbili, na nimejilazimisha kuiacha ilivyo, kwa sababu leo ni Jumamosi, kesho alasiri tunakutana, na Jumatatu saa sita mchana ofisi ya kaunti inafunga faili letu. Nikiendelea kuinyoosha sentensi moja sitafika kwa mtu ninayetaka kumwelezea. Tulimwita Mwenyekiti. Hata mke wake alimwita hivyo, kwa kejeli kidogo, akimletea chai kibandani: "Mwenyekiti wa nini sijui, kunywa basi kabla haijapoa."

Alikuwa mwenyekiti wa kitu ambacho hakijasajiliwa hadi leo: chama kimoja cha wafanyabiashara wote wa teknolojia wa mji wa Isiolo. Ukisikia teknolojia usifikirie majengo ya vioo. Sisi ni watu wa vibanda vya mabati kando ya barabara. Kuna wenye saiba za kukodisha kompyuta na intaneti, mafundi wa simu, wanaofunga kamera za ulinzi, wanaouza waifai kwa saa, mama mmoja mwenye chuo cha kompyuta chenye kompyuta saba, na mimi, ninayetengeneza tovuti na mifumo midogo ya maduka. Mimi sikusomea popote. Nilijifunzia kwenye simu iliyopasuka kioo, nyumbani Kulamawe, nikipanda juu ya tangi la maji la shule kutafuta mtandao. Nadhani ndiyo maana naogopa makosa hivi. Mwenye cheti akikosea, watu husema ni bahati mbaya. Nikikosea mimi, nasikia wakisema, si tulijua.

Vibanda vyetu vina alama ya X nyekundu. Kaunti iliipaka kwa brashi, mlango kwa mlango, kwa sababu tumekaa kwenye hifadhi ya barabara. Afisa aliyekuja na rangi hakuwa mtu mbaya. Alituambia kuna jengo la kaunti huko Chechelesi, chini lina vyumba ishirini vilivyokamilika, na linaweza kuwa letu. Ila hawezi kuzungumza na watu thelathini na mmoja.

"Nileteeni chama kimoja, barua moja, orodha moja," alisema. "Mkija vipande vipande nitampa tajiri mmoja kutoka nje, halafu mtakuwa mnampigia yeye magoti."

Tangu siku hiyo maisha yetu yako ndani ya maneno hayo. Tukiwa kitu kimoja, tuna pa kwenda. Tukigawanyika, tingatinga litatukuta tulipo.

Mwenyekiti alianzia ufundi wake kwenye redio. Kisha televisheni, kisha ving'amuzi, kisha simu. Alivaa miwani iliyofungwa nyuma ya kichwa kwa waya wa spika za masikio. Alipofungua simu iliyokufa, kabla ya kuigusa kwa kifaa chochote, aliinusa. Aliileta puani polepole kama mtu anayenusa maziwa aone kama yamelala, kisha akasema, "Hii imekunywa maji," au, "Hii ni chaja ya mtaani imeichoma." Sikuwahi kumwona akikosea. Lakini kompyuta hakuigusa. Mwenyekiti wa watu wa teknolojia alitembea na kabambe, kisimu cha vitufe chenye tochi, na barua pepe zote za chama nilimsomea mimi, yeye akisikiliza amefumba macho. Zikiisha alisema, "Rudia." Nikirudia alisema, "Tena." Kila karatasi mara tatu. Niliumia sana mwanzoni, nikidhani nasoma vibaya.

Kila asubuhi alipita mlango kwa mlango. Hapa salaam aleikum, pale habari ya asubuhi, kule Kiturkana, kwa fundi wa kamera Kimeru cha utani. Hakuwahi kuchanganya. Watu wengi walijaribu kujua yeye mwenyewe ni wa nani. Kwa sura hukuweza kujua, na jina lake pia lilikuwa la kila mtu. Mteja mmoja alimuuliza waziwazi, nikiwepo.

"Mzee, wewe kabila gani?"

"Hii," alisema akiinua waya aliokuwa akiuchuna. "Na yako?"

Kitu cha kwanza alichotuunganisha nacho kilikuwa intaneti yenyewe. Zamani kila mtu alinunua vifurushi vyake vidogo, vikaisha katikati ya kazi. Akatushawishi tuchukue laini moja kubwa, ikafungwa juu ya paa lake, nyaya zikatoka hapo kwenda kwa kila mmoja. Siku ya kwanza tulifurahi. Siku ya pili tulivuta wote kwa pamoja na hakuna aliyepata hata picha moja. Akachana upande wa katoni, akaandika zamu.

"Ng'ombe wote wakiingia kisimani pamoja, nani anakunywa?" alituuliza. "Si ni matope tu na pembe?"

Sisi Waborana tulimwelewa haraka. Kisimani foleni hupangwa siku moja kabla, na mwenye ngamia wengi hupangwa sawa na mwenye punda mmoja. Mwenye dharura haruki mstari. Huenda kwa kila aliye mbele yake, mmoja mmoja, akaomba. Mwenyekiti alileta sheria hiyo kwenye waifai, na wale ambao hawajawahi kuchota maji kisimani waliizoea pia. Nimemwona mwenye saiba kubwa kuliko zote akisimama mlangoni kwa kijana wa kubadilisha vioo vya simu, akiomba dakika kumi za zamu yake, kwa sababu mteja anatuma maombi ya kazi na muda unaisha. Alipewa ishirini.

Nisimpake mafuta sana. Mtu huyu aliyehubiri umoja hakuwa akisema na jirani yake mwenyewe. Walitenganishwa na ukuta wa mabati, yeye na mwenye saiba wa upande wa pili, na walikuwa wamenuniana miaka mingi kwa sababu ya waya wa umeme ambao hakuna aliyekumbuka vizuri nani aliukata. Ujumbe niliupeleka mimi, katibu wa chama.

"Katibu, nenda umwambie jirani mkutano ni saa nane."

Kabla sijainuka, sauti ilitoka nyuma ya bati: "Mwambie nimesikia."

"Mwambie asichelewe kama juzi."

"Mwambie juzi yeye ndiye alibadilisha saa!"

Nikasimama katikati, nikiwa sina la kupeleka wala la kuleta, na wote wawili wakaendelea na kazi wakiwa wameridhika.

Sifa pia alikuwa mchoyo nazo. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye aliniambia neno jema mara moja, nalo lilikuwa, "Hapa sioni shida." Nililala na maneno hayo wiki nzima kama mtu aliyepewa mbuzi. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikiandika katiba ya chama naifuta, naiandika, nahamisha nukta, nabadilisha "wanachama" kuwa "mwanachama" halafu narudisha. Nilikuwa na matoleo kumi na manne ya katiba ambayo hakuna aliyeomba zaidi ya moja. Mwenyekiti alinitazama siku moja nikipanga pambizo za ukurasa, akasema, "Msichana, wewe unaogopa nani?" Nikasogeza pambizo nyingine.

Sasa orodha. Tulikuwa majina thelathini na moja, na vyumba ni ishirini. Ishirini wa kwanza wangeingia, kumi na mmoja wangesubiri ghorofa ya juu imalizwe, na kwa muda huo wangekaribishwa kwenye vyumba vya wenzao. Afisa alikuwa wazi kwamba vyumba vitagawanywa kufuata orodha tutakayompa. Katika mji wetu hilo ni jambo la hatari. Watu hapa huhesabu. Soma majina matatu mfululizo kwa sauti, na kila aliyekaa anajua tayari nani ametajwa na nani ameachwa nyuma.

Ilimchukua miezi mitatu. Kanisani wengine wasingekuja, ukumbi wa madrasa wengine wasingekuja, basi tulikutana kwenye uwanja wa mnada wa mifugo siku zisizo za soko, tukakaa juu ya vyuma vya kuzuia ng'ombe, harufu ya mavi ikiwa yetu sote. Kila jina lilijadiliwa. Aliyapanga yakapishana kama nyuzi za mkeka: Mborana, Mmeru, Mturkana, Msomali, Msamburu, tena Mturkana, hivyo hivyo, kila watu wakiwa na wao wa mbele na wao wa nyuma. Mama wa chuo cha kompyuta, ambaye tunamwita Mama Chuo, ni Mmeru na mdomo wake hauna breki. Aliwekwa wa pili. Mimi, wa kumi na nane. Mwenyekiti alijiandika wa thelathini na moja. Siku ya mwisho niliisoma orodha kwa Kiswahili, yeye akaitafsiri kwa Kiborana na Kiturkana, Mama Chuo kwa Kimeru, na mwishoni jirani wa saiba akasema kwa sauti, bila kumtazama mtu, "Mwambieni imekaa vizuri." Kulikuwa na kicheko. Nilifikiri, tumefika.

Kilichobaki ilikuwa kuichapa. Kazi yangu.

Nilikaa alasiri moja na kuingiza majina. Yakawa yanaruka mbele ya macho yangu: N, A, L, H, M, A. Niliona aibu. Nilimwona afisa akifungua faili na kusema, hawa ndio watu wa kompyuta, na hata kupanga majina hawajui? Nilijiambia mpangilio wa vyumba uko kwenye daftari la mkutano, na hii ya kaunti ni majina tu. Nikabonyeza mara moja. Majina yakajipanga kwa alfabeti, yamenyooka, na mimi nikaona raha. Naliandika neno hilo kwa uchungu. Raha. Katika barua iliyotangulia orodha, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika kwamba vyumba vigawanywe kwa kufuata majina kama yalivyoambatishwa.

Nilimpelekea Mwenyekiti aweke sahihi. Alivaa miwani, akaishika karatasi muda mrefu. Akatia sahihi. "Sawa," alisema. "Peleka."

Tulikwenda ofisini karibu wote, tumevaa vizuri. Mlangoni Mama Chuo alininyooshea mkono.

"Hebu nione."

"Ni ile ile, Mama."

"Kama ni ile ile, si nione?"

Alisoma kwa sauti. Alikuwa anatabasamu alipoanza. "Abdia, namba moja." Huyo ni mimi. "Abdullahi. Adan. Ali. Ali ingine." Tabasamu likaisha. Kidole chake kikateremka, kikateremka, kikapita Ekiru mmoja, Mturkana aliyekwama katikati, kikafika chini kabisa ambapo L na M na N zilikuwa zimerundikana. Wameru karibu wote. Waturkana karibu wote.

"Mimi nilikuwa ya pili," alisema. "Sasa niko ishirini na saba."

"Ni alfabeti tu, Mama. Kompyuta ndiyo imepanga..."

"Usiniambie kompyuta. Mimi hufundisha watu kompyuta! Kompyuta inajua Mmeru ni nani? Kuna mtu alibonyeza."

Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Katibu amejipea chumba ya kona!" Walicheka, kicheko kile ambacho baada yake watu hupigana. Fundi wa kamera akasema miezi mitatu tulikuwa tunachezewa, kumbe mambo yalipangwa msikitini. Mwingine akamjibu na neno ambalo sitaliandika. Nilikuwa nimefungua mdomo. Nilikuwa na maneno, nayakumbuka: ni mimi, nilifanya peke yangu, nisameheni. Mwenyekiti alinitangulia.

"Ni mimi nilimwambia apange hivyo," alisema. "Mwacheni mtoto wa watu."

Nami nikafunga mdomo. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ni kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilichukua sekunde moja na hili nimelifanya kila siku kwa wiki tano.

Wiki hiyo hiyo kukawa na vyama viwili. Barua mbili zikaenda, orodha mbili, mihuri miwili mipya. Afisa akazirudisha zote na kutupa mpaka Jumatatu hii. Laini ya intaneti ilikatwa, si na kampuni, bali na sisi wenyewe: kila upande ulipanda kuchukua nyaya zake. Mwenyekiti aliwaangalia wakiwa juu ya paa lake, akiwashikia ngazi. Baada ya siku mbili kibanda chake kilikuwa kitupu. Jirani wa saiba aligonga bati mara mbili, akasikiliza, akanitazama. "Ameenda?" aliniuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema juu yake bila kumtuma mtu.

Nilimpata juzi Alhamisi, huko kijijini Gotu. Niliambiwa amekodi upande wa duka na ana paneli moja ya sola, anachaji simu za wafugaji. Nilipanda pikapu iliyokuwa ikipeleka unga. Nilimkuta ameketi kwenye kreti, mbele yake simu kama ishirini zimepangwa kwenye ubao, kila moja ina kipande cha plasta chenye jina la mwenyewe.

"Salaam aleikum, Mwenyekiti."

"Aleikum salaam. Umekula?"

"Nimekula." Sikuwa nimekula. "Mwenyekiti, nimekuja uniruhusu niseme ukweli. Jumapili tunakutana. Mama Chuo amekubali kuja, na wale wengine wamekubali kuja, kukaa tu, mara moja. Nataka niwaambie ni mimi. Wakijua hukunituma, watakurudia. Wakikurudia wewe, orodha ya zamani itarudi. Jumatatu bado."

Aliendelea kufuta vumbi kwenye simu moja.

"Unafikiri nilikukinga?" alisema.

"Ulinikinga."

"Msichana, ile karatasi uliniletea, mimi nilisoma."

"Ulitia sahihi tu, hukuona..."

"Nilisoma. Nilikuambia urudie? Sikukuambia. Kwa nini sikukuambia?" Alivua miwani. Bila miwani alikuwa mzee kuliko nilivyomjua. "Nilitafuta jina langu chini, mahali nililiweka. Halikuwa hapo. Nikapanda nalo mpaka nikalipata. Namba tisa. Chumba. Nikaona na Mama Chuo ameanguka wapi. Nikaona wote wameanguka. Nikasema ndani yangu, labda hawataangalia. Nikaweka sahihi."

Nilikuwa nimekuja na hatia yangu imekunjwa vizuri, na hapakuwa na mahali pa kuiweka. Nilimchukia kwa muda mfupi. Kisha niliogopa, kwa sababu kama hata yeye, basi Jumapili ninawapelekea nini?

"Twende pamoja," nilisema. Nililia, sioni haya kusema. "Waambie mwenyewe. Tafadhali. Bila wewe hawatakaa dakika tano."

"Nikienda mimi watapigana juu yangu. Hawa wananitaka, wale hawanitaki. Wewe wote wamekukasirikia. Hiyo ni nafuu." Karibu atabasamu. "Waambie yako. Halafu waambie yangu."

"Wakijua, hawatakuita Mwenyekiti tena."

"Kwani kuniita Mwenyekiti ndiko kutawaingiza vyumbani? Andika."

Nilitoa daftari. Alisema polepole nami nikaandika: kwamba Katibu alipanga majina bila kuambiwa na mtu, kwamba Mwenyekiti aliiona orodha, akajua maana yake, akatia sahihi kwa sababu ilimpa chumba, kwamba mbele ya ofisi alidanganya, kwamba anawaomba warudi kwenye orodha ya uwanja wa mnada, na jina lake liondolewe, wabaki thelathini. Nikaongeza sentensi moja kwa huruma yangu mwenyewe: kwamba alikuwa amechoka, baada ya miezi mitatu ya kuwapigania wengine.

"Soma," alisema.

Nilisoma.

"Rudia."

Nilirudia. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua simu yake, akasimama, akasikiliza kana kwamba ni taarifa ya habari, akaondoka nayo.

"Tena."

Nilisoma mara ya tatu, na nilipofika kwenye kuchoka akainua mkono.

"Hiyo toa. Hiyo ni ya kujitetea."

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli. Toa."

Nilipiga mstari juu yake. Kalamu ilikuwa ikivuja, wino ukasambaa, ukalowesha mstari wa juu na wa chini, katikati ya ukurasa pakawa na doa lenye ukubwa wa kidole gumba. Nikageuza ukurasa mpya niandike upya, kwa mwandiko mzuri, nikaanza na tarehe. Dereva wa pikapu alipiga honi. Mwenyekiti alinyoosha mkono, akafunga daftari juu ya vidole vyangu.

"Hivyo hivyo," alisema. "Gari inaondoka."

Aliweka sahihi yake kando ya doa, mahali palipokuwa pakavu, nami nikakimbia.